Eneo Bunge la Kisauni la Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu Kisauni ile moja ya Mombasa, Kenya, iliyokuwapo hadi uchaguzi wa Machi 2013, kabla Nyali haijawa eneo bunge. Ni ya mwanafunzi anayeandika tasnifu, mwandishi wa habari anayelinganisha matokeo, mgombea anayepanga kampeni, na mkazi anayetaka kujua mtaa wake ulikuwa chini ya nani. Jambo moja litajirudia humu kwa sababu ndilo linalokosewa zaidi: jina la Kisauni lilibaki, lakini eneo lenyewe halikubaki lilivyokuwa.

Kisauni ya zamani ilikuwa wapi hasa?

Ilikuwa bara yote ya kaskazini ya Mombasa. Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani, ulikuwa umeshaingia, na hukutoka mpaka ufike daraja la Mtwapa, unapoanza upande wa Kilifi. Mashariki ni Bahari ya Hindi, magharibi ni mkondo wa Tudor. Ndani yake mlikuwa Kongowea, Frere Town, Mkomani na mtaa wa Nyali, Ziwa la Ng'ombe, Bamburi, Mtopanga na Shanzu, hadi Mwakirunge kule ndani mbali na pwani.

Ramani ya zamani ya Mombasa ni rahisi kuikariri kwa sababu ilifuata maji. Kisiwa kilikuwa Mvita. Ng'ambo ya feri, kusini, ni Likoni. Ukitokea Makupa kwenda magharibi ni Changamwe. Kaskazini ni Kisauni. Maeneo bunge hayo manne yalikwenda sambamba na tarafa nne za utawala za Wilaya ya Mombasa, ndiyo maana wazee wengi hutaja tarafa na eneo bunge kama kitu kimoja.

Liligawanywa lini, na nani aliyeligawanya?

Mgawanyo haukufanyika siku moja. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Tume ya Uchaguzi iliyoongozwa na Samuel Kivuitu ilivunjwa, na kazi ya mipaka ikapewa tume ya muda chini ya Andrew Ligale. Katiba mpya ilipoidhinishwa mwezi wa Agosti 2010, Kifungu cha 89 kiliweka idadi ya maeneo bunge kuwa 290 badala ya 210. Tume ya Ligale ilitoa mapendekezo yake mwishoni mwa 2010, yakazua mvutano bungeni na mahakamani. Kisha Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, iliyoundwa 2011 chini ya Issack Hassan, iliyachukua mapendekezo hayo kama msingi, ikasikiliza malalamiko, na kuchapisha mipaka ya mwisho Machi 2012.

Hata hivyo Kisauni ya zamani iliendelea kuwa na mbunge mmoja mpaka Bunge la Kumi lilipomaliza muda wake. Watu wa Nyali walimchagua mbunge wao wenyewe kwa mara ya kwanza tarehe 4 Machi 2013. Ukiona maandishi yanayomtaja "mbunge wa Nyali" mwaka 2009 au 2011, kuna kosa la tarehe au la cheo.

Kwa nini iligawanywa?

Kwa sababu ya idadi ya watu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 38,610,097 nchini Kenya. Ukigawanya kwa 290 unapata 133,138, na huo ndio wastani uliotumika kwa kila eneo bunge. Katiba inaruhusu tofauti ya asilimia 40 juu au chini ya wastani kwa majiji na sehemu zenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Mombasa ni jiji, kwa hiyo kiwango chake cha juu kilikuwa watu 186,393 na cha chini 79,883.

Kisauni ya zamani ilikuwa na watu 380,055, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha juu. Ulinganisho unaoonyesha ukubwa wa tatizo uko hapa hapa Pwani: Lamu Mashariki ilikuwa na watu 18,841. Mbunge mmoja wa Kisauni aliwakilisha watu mara ishirini zaidi ya mwenzake wa Lamu Mashariki, na wote wawili walikuwa na kura moja moja bungeni.

Kwa hesabu hiyo, si ilistahili kugawanywa mara tatu?

Kihesabu, karibu. 380,055 ukigawanya kwa 133,138 unapata 2.85. Na Mombasa nzima, yenye watu 939,370 wakati huo, ilikuwa na haki ya maeneo bunge 7.06. Ikapewa sita.

Sababu iko kwenye masharti ya mpito ya Katiba, Jadwali la Sita. Sehemu ya 27 ilisema kwamba mapitio yale ya kwanza hayatafuta eneo bunge lolote lililokuwapo. Maana yake yale 210 yalilindwa yote, hata yaliyokuwa na watu wachache mno, na tume ikabaki na viti vipya 80 tu vya kugawa nchi nzima. Mombasa ilipata viwili: Nyali kutoka Kisauni, na Jomvu kutoka Changamwe.

Matokeo yake yanaonekana ukitazama namba kwa karibu. Nyali ilipewa watu 185,990, yaani 403 tu chini ya kiwango cha juu. Kisauni iliyobaki ilipewa 194,065, na hivyo ikazaliwa ikiwa imeshazidi kiwango kwa watu 7,672. Wanaosema Kisauni haikutendewa haki 2012 wana hoja yenye hesabu nyuma yake, na kwa maoni yetu hoja hiyo ingepaswa kusikika zaidi kuliko lawama za nani alipendelewa.

Wadi zipi zilikwenda Nyali na zipi zilibaki Kisauni?

Nyali ilipata tano: Frere Town, Ziwa la Ng'ombe, Mkomani, Kongowea na Kadzandani. Kisauni ikabaki na saba: Mjambere, Junda, Bamburi, Mwakirunge, Mtopanga, Magogoni na Shanzu.

Wengi wakisikia "Nyali" huwaza majumba ya kifahari na mahoteli. Mtaa huo uko katika wadi ya Mkomani. Kongowea yenye soko kubwa, Ziwa la Ng'ombe, Kadzandani, na Frere Town iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru, zote zimo humo humo. Anayechambua siasa za Nyali kama siasa za matajiri atakosea kila uchaguzi.

Jihadhari na kosa jingine: wadi hizi za 2012 si zile za madiwani wa Baraza la Manispaa. Baadhi ya majina yanafanana, mipaka haifanani. Usichukue kura za udiwani za 2007 ukazilinganisha moja kwa moja na za mwakilishi wadi wa 2013 kwa sababu tu jina ni lile lile.

Wabunge wa Kisauni ya zamani walikuwa nani?

Kwa kipindi kinachoulizwa zaidi, ni hawa. Emmanuel Karisa Maitha alichaguliwa 1997 kwa tiketi ya DP, akarudi 2002 kwa NARC. Serikali ya Mwai Kibaki ilimpa Wizara ya Serikali za Mitaa, kisha katikati ya 2004 akahamishiwa Utalii. Alifariki Agosti 2004 akiwa ziarani Ujerumani. Anania Mwaboza alishinda uchaguzi mdogo mwishoni mwa mwaka huo huo. Mwaka 2007 alichaguliwa Hassan Joho wa ODM, ambaye ndiye mbunge wa mwisho wa Kisauni nzima. 2013 akawa gavana wa kwanza wa Mombasa.

Baada ya mgawanyo, orodha ni mbili. Kisauni: Rashid Bedzimba (2013), Ali Mbogo (2017), na Bedzimba tena (2022). Nyali: Hezron Awiti (2013), kisha Mohamed Ali, aliyeshinda 2017 bila chama na 2022 kwa UDA. Usiziunganishe orodha hizi na ile ya zamani kana kwamba mmoja alimrithi mwenzake moja kwa moja. Bedzimba hakurithi eneo la Joho. Alirithi karibu nusu yake.

Uchaguzi mdogo wa 2004 ulifuata sheria gani? Ni ile ile ya leo?

Utaratibu wa msingi ni ule ule: kiti kikibaki wazi, Spika hutangaza, na tume huandaa kura. Kilichobadilika ni muda. Katiba ya sasa, Kifungu cha 101, inampa Spika siku 21 kuiarifu tume kwa maandishi, na uchaguzi lazima ufanyike ndani ya siku 90 tangu kiti kibaki wazi. Ukisoma magazeti ya 2004 usipime matukio yake kwa siku hizo.

Kabla ya hapo Mombasa iligawanywaje?

Majina Kisauni, Likoni, Mvita na Changamwe yote manne yalitumika kwenye uchaguzi wa 1988, nchi ilipokuwa na maeneo bunge 188. Idadi hiyo ilipanda hadi 210 kwa uchaguzi wa 1997, lakini Mombasa ilibaki na manne. Kwenye nyaraka za miaka ya 1970 utakutana na majina ya mtindo mwingine. Shariff Nassir, kwa mfano, huorodheshwa kama mbunge wa Mombasa Central kabla ya kuwa wa Mvita. Usikisie kwamba jina la zamani ni eneo lile lile lenye jina jipya. Tafuta tangazo la mipaka la miaka hiyo kwanza.

Ukirudi nyuma zaidi, unaingia enzi ya Baraza la Kutunga Sheria. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika 1920, viti 11, Wazungu peke yao, na Mombasa ilikuwa na kiti chake. Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza Machi 1957, viti vinane kwa nchi nzima. Pwani yote ilipewa kimoja, akakichukua Ronald Ngala. Mwaka uliofuata viliongezwa viti sita, na Mombasa ikapata chake, kilichochukuliwa na Francis Khamisi. Hizo hazikuwa kura za kila mtu: mpigakura alitakiwa kuwa na sifa za elimu, kipato, mali au utumishi, na mwenye sifa nyingi alipewa hadi kura tatu. Kura moja kwa kila mtu mzima ilikuja na uchaguzi wa Mei 1963.

Kuna jambo la pekee la Mombasa linalosahauliwa. Wakati huo ukanda wa maili kumi wa pwani kisheria ulikuwa bado milki ya Sultani wa Zanzibar chini ya ulinzi wa Uingereza. Makubaliano ya kuuacha uwe sehemu ya Kenya yalitiwa saini Oktoba 1963. Kwa hiyo watu wa Kisauni, Likoni na kisiwani walipiga kura ya Mei kabla suala la ardhi yao ni ya nani halijafungwa rasmi.

Kura ya mlolongo ya 1988 ilifanyikaje?

Ilikuwa ya uteuzi ndani ya KANU, chama pekee kilichoruhusiwa. Wanachama walijipanga foleni nyuma ya mgombea, wakala wake au picha yake, kisha wakahesabiwa kwa vichwa. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa ameshachaguliwa bila kupingwa, bila kura ya siri. Wengine waliokuwa na wapinzani waliingia kwenye kura ya siri ya Machi.

Kwa mtafiti kuna mitego miwili. Kwanza, hakuna karatasi za kura za kuhesabu upya, kwa hiyo madai ya wizi wa 1988 hayawezi kuthibitishwa wala kukanushwa kwa nyaraka za kura. Pili, waliojipanga ni wanachama wa chama tu, si wote waliojiandikisha, kwa hiyo asilimia zake usiziweke kwenye jedwali moja na za 1992, uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi baada ya uhuru, uliotumia karatasi za siri.

Nikitaka kulinganisha matokeo ya 2007 na ya 2013, 2017 au 2022, nifanyeje?

Unganisha Kisauni na Nyali za sasa. Pamoja zinaziba pengo la Kisauni ya zamani. Fuata mpangilio huu:

1. Amua kura unayolinganisha. Ya ubunge hailinganishwi vizuri, kwa sababu wagombea wa Nyali na wa Kisauni ni watu tofauti. Kura ya urais ndiyo inayofaa, maana majina kwenye karatasi ni yale yale pande zote mbili.
2. Chukua fomu za eneo bunge. Kwa 2017 na 2022, matokeo ya urais ya eneo bunge yako kwenye Fomu 34B, na ya kila kituo kwenye Fomu 34A. Za ubunge ni 35B na 35A.
3. Jumlisha kura halisi za kila mgombea kutoka pande mbili. Jumlisha pia waliojiandikisha na kura zilizoharibika, kila moja peke yake.
4. Baada ya hapo ndipo utafute asilimia.

Hatua ya tatu ndiyo inayovurugwa. Watu huchukua asilimia ya Kisauni na ya Nyali, wakazijumlisha na kugawa kwa mbili. Tuchukue mfano wa kubuni: mgombea amepata asilimia 60 ya kura 40,000 upande mmoja, na asilimia 30 ya kura 60,000 upande wa pili. Wastani wa haraka ni asilimia 45. Lakini kura zake ni 24,000 na 18,000, jumla 42,000 kati ya 100,000, yaani asilimia 42. Pointi tatu zimeongezeka bila mtu kupiga kura, na katika kinyang'anyiro cha karibu zinatosha kubadili hadithi nzima.

Kisha angalia vituo. Vituo vingi ni shule, na shule haihami, lakini kituo chenye wapigakura wengi hugawanywa kuwa vyumba kadhaa. Kituo kilichokuwa na fomu moja kinaweza kuwa na tano. Ukichukua ya kwanza peke yake utadhani watu wamehama.

Mbona napata idadi mbili za watu wa Kisauni katika sensa moja ya 2009?

Kwa sababu matokeo ya sensa yalitangazwa Agosti 2010, wakati maeneo bunge yalikuwa bado 210. Jedwali linalofuata mpangilio huo lina Kisauni nzima. Tume ilipochora mipaka mipya 2012, ilizipanga upya hesabu zile zile: 194,065 kwa Kisauni mpya na 185,990 kwa Nyali. Ukizijumlisha unarudi kwenye 380,055. Kabla ya kunukuu, tazama kama jedwali lina mstari wa Nyali. Usipokuwapo, unasoma Kisauni ya zamani.

Mgawanyo ulibadili nini kwenye fedha za maendeleo?

Mengi, na pengine hapa ndipo mwananchi alipoguswa zaidi. Sheria ya CDF, hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, ya 2003 ilitenga asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Asilimia 75 ya fungu hilo iligawanywa sawa kwa kila eneo bunge, na 25 kwa kufuata umaskini. Sehemu kubwa haikujali idadi ya watu. Mvita yenye watu 143,128 na Kisauni yenye 380,055 zilipata kiasi kile kile katika sehemu ile ya usawa. Mtoto wa shule ya Kongowea alikuwa akigawana basari na watoto wengi kuliko mwenzake wa Majengo kule Mvita.

Kuanzia 2013 bara ya kaskazini ilipata mafungu mawili. Ukikuta jengo la darasa Kongowea au Frere Town lenye kibao cha CDF ya Kisauni, si kosa la fundi wa rangi; lilijengwa kabla ya mgawanyo. Anayefuatilia hesabu za mradi kama huo ataanzia kwenye majalada ya Kisauni ya zamani, na akienda ofisi ya Nyali peke yake huenda akaambiwa mradi haujulikani. Beba jina la mradi, mwaka wa fedha na jina la shule lilivyoandikwa wakati huo.

Na Changamwe je?

Ilikwenda njia ile ile. Ilikuwa na watu 250,179. Jomvu ikatoka na 102,566 katika wadi tatu, yaani Jomvu Kuu, Miritini na Mikindani, na Changamwe ikabaki na 147,613. Ramadhan Kajembe aliiwakilisha Changamwe nzima kuanzia 1997 hadi 2013. Mvita na Likoni hazikugawanywa.

Nyaraka za asili zinapatikana wapi?

Anza na Gazeti Rasmi la Kenya. Matangazo ya mipaka, wagombea walioteuliwa na washindi huchapishwa humo, na matoleo mengi ya zamani yanasomeka mtandaoni bure. Ukitafuta, jaribu jina la eneo bunge pamoja na mwaka, kisha jina la mtu. Nakala zilizopigwa picha husomwa vibaya na mashine, na "Kisauni" huweza kugeuka kitu kingine kabisa. Usiishie kwenye tangazo la kwanza, kwa sababu mara nyingi hufuatwa na la masahihisho wiki chache baadaye.

Mijadala ya Bunge ipo kwenye Hansard. Kwa miaka ya ukoloni na ya mwanzo wa uhuru, nenda Nyaraka za Taifa, Nairobi. Kwa vitabu vya sensa, tafuta juzuu la mgawanyo wa watu la Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Orodha za wabunge zinazozunguka mitandaoni zisaidie kupata mwaka tu. Jina na chama vihakikishe kwenye Gazeti.

Kisauni inaweza kugawanywa tena?

Kwa idadi ya watu, ina kila sababu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296, kwa hiyo wastani kwa maeneo bunge 290 ni 164,015, na kiwango cha juu cha jiji ni 229,621. Kisauni ina 291,930, imezidi kwa zaidi ya 62,000. Likoni nayo imezidi, ikiwa na 250,358. Nyali, yenye 216,577, ingali ndani ya kiwango. Kisauni na Nyali pamoja ni 508,507, zaidi ya viti vitatu.

Kikwazo ni kwamba 290 ni idadi iliyoandikwa kwenye Katiba, kwa hiyo kiti kipya Mombasa ni kiti kinachoondoka kwingine, na ulinzi wa Jadwali la Sita ulikuwa wa mapitio yale ya kwanza tu. Katiba inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12, na muda huo, ukihesabiwa toka Machi 2012, ulikwisha Machi 2024, kipindi ambacho IEBC haikuwa na makamishna. Tume mpya iliapishwa Julai 2025. Anayetaka hoja ya Kisauni isikike aiandike kama memoranda yenye majina ya wadi, hesabu za sensa na alama za mpaka zinazoonekana, kama barabara, mkondo wa maji au reli. Katiba inataja jiografia, historia, uchumi, njia za mawasiliano na maslahi ya pamoja ya jamii kama mambo ya kuzingatiwa, kwa hiyo memoranda inayogusa kila moja ina uzito kuliko ile inayodai "tumeonewa" peke yake.